Msimu wa Lulu na Msimu wa Mpira

Katika mengi yaliyoandikwa juu ya Kombe la Dunia la mwaka 2022, neno joto lilichukuliwa kuwa na maana moja: kikwazo cha mchezo. Magazeti ya Ulaya yalihesabu nyuzijoto za Doha mwezi Julai. Madaktari wa michezo walieleza jinsi mwili wa mchezaji unavyopoteza maji na chumvi. Wenyeji wakajibu kwa michoro ya viwanja vyenye viyoyozi. Lugha yetu ina nafasi pana zaidi ya kulisema jambo hili. Tuna joto, tuna hari, tuna fukuto linalombana mtu ndani ya chumba kisicho na dirisha, tuna jua la utosini. Na Wakenya wana "jua kali", jina la kazi za mafundi wasiokuwa na paa juu ya vichwa vyao. Jina hilo linataja jua, lakini linachoeleza hasa ni nani anasimama wapi wakati jua linapowaka. Nadhani historia ya mzozo wa Qatar inafahamika vizuri zaidi ikianzia hapo.

Kura yenyewe ilipigwa Zurich tarehe 2 Desemba 2010. Wajumbe 22 wa Kamati ya Utendaji ya FIFA (wenzao wawili walikuwa wamesimamishwa baada ya uchunguzi wa gazeti moja la Uingereza) waliipa Urusi mashindano ya 2018 na Qatar yale ya 2022. Katika duru ya nne na ya mwisho Qatar iliishinda Marekani kwa kura 14 dhidi ya 8. Australia, Japani na Korea Kusini zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Habari za rushwa zilizofuata zimeandikiwa vitabu, nami sitazirudia. Linalohusu mada yetu ni kwamba wajumbe walikuwa wameonywa. Kikosi cha ukaguzi kilichoongozwa na Harold Mayne-Nicholls wa Chile kilieleza katika ripoti yake kwamba kucheza Juni na Julai, wakati wa joto kali kuliko wote nchini humo, kungeweza kuhatarisha afya ya wachezaji, waamuzi na watazamaji. Mwezi Mei 2014 Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA, aliiambia televisheni ya Uswisi kwamba uteuzi ule ulikuwa kosa, na sababu aliyoitaja ilikuwa hari ya kiangazi.

Wapinzani walikuwa na hoja ambayo ilirudiwa hata ikafanana na sheria: kwamba Kombe la Dunia ni mashindano ya kiangazi na haliwezi kuhamishwa. Lakini ni kiangazi cha nani? Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, Juni na Julai ni miezi ya kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na wazee wanapotafuta shuka nzito. Uruguay mwaka 1930, Chile mwaka 1962, Argentina mwaka 1978 na Afrika Kusini mwaka 2010 ziliandaa Kombe la Dunia katika majira yao ya baridi, na hakuna aliyesema kwamba mila imevunjwa. Kilichoitwa desturi ya mpira kilikuwa kalenda ya ligi za Ulaya, ambazo hufunga pazia Mei na kulifungua tena Agosti.

Tena, joto lilipokuwa na faida kwa watu fulani, lilivumiliwa. Mexico mwaka 1970 na mwaka 1986 mechi nyingi zilianza saa sita mchana, juu ya uwanda wa juu ambako hewa ni nyepesi, ili watazamaji wa Ulaya wapate kuziona jioni. Diego Maradona alilalamika hadharani, naye alichezea fainali ya 1986 katika jua hilo hilo la adhuhuri. Marekani mwaka 1994 ilifuata mtindo uo huo: Mexico na Ireland zilikutana Orlando mchana wa tarehe 24 Juni katika hari ambayo mashabiki wa Ireland hawajaisahau. Ilibidi kusubiri Brazili mwaka 2014, na tena kwa amri ya mahakama ya kazi ya nchi hiyo, ndipo mapumziko ya kunywa maji yalipopata nguvu ya sheria. Inafaa kukumbuka kwamba ilikuwa mahakama ya kazi. Hakimu yule alimtazama mchezaji kama mfanyakazi aliye juani, jambo ambalo wakuu wa mpira hawakuwa wamelifikiria sana.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu na nyumbani. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa likichezwa Januari, na klabu za Ulaya zilinung'unika kila mara kwa kupoteza wachezaji katikati ya msimu. Mwaka 2017, mjini Rabat, Shirikisho la Soka la Afrika liliamua kulihamishia Juni na Julai. Hivyo Tanzania iliyokuwa imesubiri miaka 39, Kenya, Uganda, Burundi iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, na Kongo ya Kinshasa, zote zilijikuta Misri katika kiangazi cha mwaka 2019. Mechi ya Kenya na Tanzania ya tarehe 27 Juni, iliyokwisha kwa mabao 3 kwa 2 na kuwaacha Watanzania wengi na kidonda, ilianza saa nne usiku kwa saa za Cairo. Mapumziko ya maji yalipangwa katika kila kipindi. Basi katika muongo ule ule ambao Ulaya ilisema kwamba kalenda haigusiki kwa ajili ya Qatar, kalenda ya Afrika iliguswa kwa urahisi, na timu zetu zikapelekwa kwenye joto ili ligi za Ulaya zisisumbuke. Sikumbuki kusoma tahariri kali juu ya jambo hilo katika magazeti yaliyoishambulia Doha.

Turudi Qatar. Ahadi ya zabuni yake ilikuwa kwamba teknolojia ingelishinda joto. Viwanja vingepozwa kwa nishati ya jua. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Qatar kilitangaza hata wazo la mawingu ya kutengenezwa, yatakayoelea juu ya uwanja na kuongozwa kwa rimoti. Mawingu hayakuonekana tena. Upoozaji wa viwanja, kwa upande mwingine, ulifanikiwa. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi mwenye asili ya Sudan, Saud Abdulaziz Abdul Ghani, ambaye kanuni yake ilikuwa rahisi kueleza ingawa ngumu kutekeleza: hewa baridi ni nzito, basi ibakishwe chini walipo watu, ichujwe na kupozwa upya, badala ya kupoza uwanja mzima hadi angani. Viwanja 7 kati ya 8 vya mashindano vilipata mfumo wa namna hiyo.

Mipaka ya ufumbuzi huo ilidhihirika kabla ya mpira kufika. Septemba 2019 Doha iliandaa mashindano ya dunia ya riadha. Ndani ya Uwanja wa Khalifa wakimbiaji wa mita 100 walipata hewa nzuri kama ya Ulaya wakati wa masika. Nje, kwenye barabara ya Corniche ambayo haiwezi kutiwa kiyoyozi, mbio za marathoni za wanawake zilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku, na hata hivyo joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevunyevu umepita asilimia 70. Walioanza walikuwa 68. Waliofika mwisho 40. Mshindi alikuwa Ruth Chepngetich wa Kenya, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda wa polepole mno kwa mashindano ya ngazi hiyo. Wiki chache baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliziondoa mbio za marathoni Tokyo na kuzipeleka Sapporo, kaskazini kwenye ubaridi zaidi.

FIFA ilikuwa imekwisha kufika kwenye uamuzi wake. Machi 2015 Kamati ya Utendaji iliafiki kwamba mashindano yachezwe Novemba na Desemba, na fainali iwe tarehe 18 Desemba, siku ya taifa ya Qatar. Klabu za Ulaya zilizosema kwamba jambo hilo haliwezekani zilikuta kwamba linawezekana kwa malipo: dola milioni 209 zilitengwa kwa klabu zilizotoa wachezaji wao. Mzozo wa joto, kama ulivyoelezwa kwenye televisheni, ukaishia hapo.

Aliyewahi kuisoma historia ya Ghuba aliyaona mabishano haya kwa mshangao wa namna nyingine. Miezi ambayo FIFA iliiona haifai kwa mwili wa binadamu ndiyo iliyokuwa miezi ya kazi ya Qatar kwa vizazi vingi. Msimu mkubwa wa lulu, walioita al-ghaus al-kabir, ulianza karibu na Mei au Juni na kuendelea hadi Septemba, na sababu yake ni bahari yenyewe. Wakati wa baridi maji ya Ghuba hupoa, na mzamiaji hawezi kushuka na kupanda mara kadhaa kwa siku bila kudhoofika. Kiangazi huyapasha. Kwa hiyo majahazi yaliondoka Doha, Al Wakrah na Al Khor wakati joto linapopanda, yakakaa baharini kwa miezi. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akashuka na jiwe la uzito mguuni na kikapu shingoni. Juu, mvutaji alishika kamba akingoja mtikiso. Alipopanda kupumzika, pumziko lake lilikuwa juani. Deni lilimtangulia safarini: nahodha alimkopesha kabla ya msimu, na msimu ukiwa mbaya deni lilibaki, likamfunga kwa msimu uliofuata.

Katika majahazi hayo walikuwamo watu wetu. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya utumwa Arabuni, ameonyesha jinsi soko la dunia la tende na lulu, wanunuzi wake wakiwa New York, Paris na Bombay, lilivyoongeza haja ya watumwa wa Kiafrika katika Ghuba mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo ilidhaniwa kwamba biashara hiyo inakufa. Wengi walitolewa pwani ya Afrika Mashariki na bara yake. Baadhi yao, katika miaka ya 1920 na 1930, waliwakimbilia mawakala wa Kiingereza kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yamehifadhiwa katika nyaraka za Ofisi ya India mjini London. Ni maelezo mafupi: nilizaliwa mahali fulani, nilichukuliwa nikiwa mtoto, niliuzwa kwa fulani, nimezamia kwa miaka kadhaa, bwana wangu huchukua nilichokipata. Yameandikwa kwa Kiingereza cha makarani, na lugha waliyoyasemea imepotea. Sehemu kubwa ya nyaraka za Ghuba sasa inasomeka kwenye mtandao kwa ushirikiano wa Maktaba ya Uingereza na taasisi ya Qatar Foundation, kwa hiyo msomaji aliye Muscat au Minneapolis anaweza kuzitafuta mwenyewe. (Kiswahili cha leo, kwa njia, kimelipa neno kuzamia maana nyingine, kuingia nchi ya watu kwa siri bila karatasi. Sidhani kama kuna uhusiano wa kihistoria baina ya maana hizo mbili, lakini ni vigumu kuzisoma nyaraka zile bila kulikumbuka neno.)

Biashara ya lulu iliporomoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa pigo la mdororo wa uchumi wa dunia na la lulu za kufugwa kutoka Japani. Mafuta ya Dukhan yakafuata. Utumwa ulifutwa rasmi Qatar mwaka 1952, ndani ya kumbukumbu ya watu ambao bado wako hai. Ni haki kusema kwamba dola hiyo haikuificha habari yote: mwaka 2015, mwaka ule ule kalenda ilipobadilishwa, jumba la makumbusho la Bin Jelmood lilifunguliwa katikati ya Doha, ndani ya nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Linasimulia utumwa wa Bahari ya Hindi, na pia linagusa utumwa wa zama zetu. Sijui nchi nyingi za eneo hilo zilizothubutu hivyo. Viwanja vya mpira, kwa upande wao, vilichagua kumbukumbu nyingine. Ule wa Al Janoub, mjini Al Wakrah, ulisanifiwa na ofisi ya Zaha Hadid kwa mfano wa jahazi. Ule wa Al Khor una umbo la hema. Jahazi limekumbukwa bila waliovuta kamba.

Sisemi kwamba kibarua wa mwaka 2015 ni mtumwa wa mwaka 1915. Kibarua alitia saini mkataba, hata kama aliubadilishiwa alipofika. Alipokea mshahara, hata kama ulichelewa. Na alikuwa na nyumbani pa kurudi. Vinavyofanana ni vitu viwili: deni linalotangulia kazi, kwani wengi walimlipa wakala wa ajira kwa fedha za kukopa, na msimu. Kiangazi kilichoondolewa katika ratiba ya mpira hakikuondolewa katika ratiba ya ujenzi. Viwanja 7 vipya, barabara, reli ya chini ya ardhi, hoteli, na mji mzima wa Lusail vilijengwa katika viangazi zaidi ya kumi, na watu ambao karibu wote walikuwa wageni.

Sheria ya kuwalinda ilikuwapo. Tangu mwaka 2007 kazi za nje zilikatazwa kati ya saa tano na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilitazama saa ikasahau hewa. Mtu hupoa kwa jasho kukauka mwilini; hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki, na saa mbili usiku kando ya bahari ya Doha inaweza kuwa mbaya kuliko adhuhuri ya jangwani. Ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo kinachounganisha joto, unyevu, upepo na mwako wa jua, kipimo kilichobuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kuwalinda makuruta wa jeshi la Marekani. Kipimo hicho ndicho kilichotumiwa kuwapumzisha wachezaji Brazili mwaka 2014. Vibarua wa Qatar walikipata mwaka 2021, kwa agizo jipya lililopanua marufuku kuwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kuamuru kazi isimame wakati wowote kipimo kinapopita 32.1. Ni sheria nzuri, miongoni mwa bora katika Ghuba. Ilipotoka, viwanja vinne kati ya vinane vilikuwa vimekwisha kufunguliwa.

Idadi ya waliokufa imebishaniwa, na inafaa kuitaja kwa uangalifu. Februari 2021 gazeti la Guardian liliripoti kwamba zaidi ya wahamiaji 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walifariki Qatar tangu nchi hiyo ilipopewa mashindano. Hawakuwa wote wajenzi, wala si wote waliouawa na kazi. Waliotumia takwimu hiyo kama idadi ya waliokufa viwanjani walikosea. Waandaaji walitaja vifo 37 miongoni mwa wajenzi wa viwanja, na kusema kwamba 3 tu vilitokana na kazi. Baadaye, Novemba 2022, Hassan Al-Thawadi, mkuu wa maandalizi, alikadiria vifo kati ya 400 na 500 katika kazi zote zilizohusiana na mashindano. Tofauti kati ya 3 na 500 inatosha kuonyesha kwamba hesabu haikufanywa. Vyeti vingi vya vifo viliandikwa "sababu za kimaumbile" au kwamba moyo umesimama, maneno yasiyoeleza chochote, kwani moyo wa kila maiti umesimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Cardiology, juu ya wafanyakazi wa Nepal, ulikuta vifo vya moyo vikiongezeka miezi ya joto, na ukakadiria kwamba mamia ya vifo vya aina hiyo vingeweza kuwa na kasoro ya takriban 200 laiti kinga dhidi ya hari ingetekelezwa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo dogo katika habari ile ya Guardian lililopita bila kuzungumzwa. Gazeti lilieleza kwamba hesabu yake haikujumuisha nchi nyingine zinazopeleka wafanyakazi wengi, na kati ya hizo liliitaja Kenya. Ukubwa wa mjadala wote uliofuata, maandamano, mabango viwanjani, ulijengwa juu ya namba ambayo watu wa Afrika Mashariki hawamo.

Nao walikuwapo. Wengi wao hawakushika mwiko wala zege, walisimama. Ulinzi ulikuwa kazi ya Wakenya na Waganda. Ripoti ya Amnesty International ya Aprili 2022, iliyotokana na mahojiano na watu 34, inaeleza zamu za saa 12 bila siku ya mapumziko, na walinzi wa Kiafrika waliosema kwamba wao ndio waliopangiwa malindo ya nje juani, wakati wenzao wa mataifa mengine waliwekwa ndani ya majengo yenye viyoyozi. Mlinzi mmoja kutoka Kenya, aliyekuwa akiandika mtandaoni kwa jina la kubuni juu ya malazi na maisha ya wenziwe, alikamatwa Mei 2021, akazuiliwa kwa takriban mwezi mmoja na kutozwa faini kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Maandishi yake ni sehemu ya fasihi ya Waafrika wa Ghuba, na natumaini mtu atayatafsiri kwa Kiswahili.

Mashindano yenyewe yalikwenda vizuri. Jioni za Novemba Doha zilikuwa tamu, Morocco ilifika nusu fainali, Lionel Messi akavikwa bisht nyeusi. Malalamiko ya hali ya hewa yaliyosikika kutoka kwa wachezaji yalikuwa ya baridi: Antony wa Brazili alisema viyoyozi vimewatia yeye na wenzake maradhi ya koo.

Tarehe 11 Desemba 2024 FIFA iliipa Saudi Arabia mashindano ya mwaka 2034, bila mpinzani. Swali la majira limerudi, tena kwa ugumu zaidi, maana mwaka huo Ramadhani itaangukia Novemba na Desemba, na dirisha lililotumiwa na Qatar litakuwa limefungwa. Viongozi wa mpira wanasema tarehe zitapangwa kwa kuzingatia afya ya wachezaji. Marufuku ya kazi za juani nchini humo ni ya saa tatu, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Inatazama saa, kama ile ya Qatar ya mwaka 2007. Huko Khobar, kwenye ufuo wa Ghuba hiyo hiyo, ujenzi wa uwanja umekwisha kuanza.